Nafasi Kati ya Mlipuko na Mlipuko

Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi wa ufundi, madereva wa bodaboda na wapenzi wa pikipiki

Ndugu zangu madereva, mmeacha vijiwe saa hii ambayo ndiyo saa ya abiria. Najua kila dakika mnayokaa hapa ina nauli yake, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Segera, pale njia panda ya kwenda Tanga, nasubiri basi. Akaingia msafiri mmoja Mjerumani juu ya BMW kubwa iliyojaa vumbi jekundu. Injini yake ilikuwa imechomoza silinda moja kushoto na nyingine kulia, kama mama aliyeshika kiuno akingoja ajibiwe. Vijana wa kijiweni wakaizunguka. Mmoja akauliza, "Baba, hii injini gani?" Yule mgeni alikuwa na Kiswahili kidogo cha njiani. Akajibu, "Boxer." Kijana akapiga tangi la pikipiki yake kwa kiganja: "Boxer ndiyo hii hapa, baba. Hiyo yako ina jina lingine."

Wote wawili walikuwa sahihi. Kwa kijana, Boxer ni jina la pikipiki ya Bajaj kutoka India, yenye silinda moja iliyosimama, ile inayobeba mkaa, wagonjwa na wanafunzi wetu kila siku. Kwa Mjerumani, jina hilo ni la mpangilio wa injini: silinda mbili zimelala zikipeana mgongo, na pistoni zake hutoka pamoja na kurudi pamoja, kama bondia anayegonganisha glavu zake kabla ya pambano. Jina moja, injini mbili zisizofanana hata kidogo. Basi langu likaja, nikapanda, lakini njia nzima niliwaza swali ambalo ndilo limenileta mbele yenu: kwa nini wanadamu wamepanga silinda za pikipiki kwa namna nyingi hivyo, na kwa nini kila namna ina watu wanaoipenda hata kuichora mwilini?

Jibu langu ni hili. Anayependa injini anapenda nafasi iliyopo kati ya mlipuko mmoja na unaofuata. Mpangilio wa silinda ndio unaoamua nafasi hiyo iwe ndefu au fupi, iwe sawa au ya kupishana. Mtetemo unaousikia mikononi na mvuto unaousikia kiunoni, pamoja na mlio unaokufanya ugeuke barabarani, vinatoka hapo.

Tazameni hiki nilichoshika. Vitabu vinakiita fitokombo, sisi gereji tunasema krenki. Hii ilitoka kwenye pikipiki ya cc 125 iliyokufa kwa kukosa oili. Injini ya mapigo manne hunyonya, hukandamiza, hulipua, kisha hutoa moshi. Kazi hizo nne zinahitaji krenki izunguke mara mbili, yaani nyuzi 720. Kwa hiyo injini ya silinda moja hulipuka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Sehemu nyingine yote ya safari inaendeshwa na uzito wa gurudumu la ndani, ambalo limehifadhi nguvu ya mlipuko uliopita.

Tuifanyie hesabu. Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa saa na injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Katika sekunde hiyo umesogea karibu mita 17. Gawanya: kila mlipuko umekusukuma sentimita 33 hivi, kama futi moja. Umbali wote kutoka nyumbani hadi kijiweni unaumaliza futi kwa futi, na kila futi ina mlipuko wake. Ukilifahamu hilo, umeshaifahamu silinda moja, na mengine yote nitakayosema ni kuuliza tu futi ile igawanywe vipi.

Nianze na silinda moja, kwa kuwa ndiyo inayotulisha. Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, pikipiki ya cc 50 yenye silinda moja iliyolazwa mbele, na kufikia 2017 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto duniani kilichotengenezwa kwa wingi huo. Lakini iliyogusa zaidi maisha yetu ni CG125 ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walitembelea nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi. Waliona inabeba mzigo kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati, na cheni hailegezwi wala kukazwa mpaka ikatike. Hawakuwalaumu waendeshaji, walikwenda kubadilisha injini. Waliacha mpango wa kuweka kemu juu ya silinda na cheni yake ndefu, wakarudi kwenye mpango wa zamani wa fimbo zinazosukuma valvu kutoka chini, kwa sababu unavumilia zaidi. Injini hiyo ikaigwa China, na nakala zake ndizo zilizofika kwetu kwa maelfu. Kila fundi aliyemo humu amewahi kuifungua, hata kama hakujua ukoo wake.

Heshima yangu kwa wahandisi hao ni kubwa. Waliiheshimu barabara ya mtu maskini.

Waendeshaji wanapenda nini katika silinda moja? Wepesi, kwanza: plagi moja, kabureta moja, injini nyembamba inayopita katikati ya magoti. Lakini nendeni Lushoto wakati wa masika, kwenye udongo mwekundu uliolowa, mtaona jambo la pili. Mlipuko unakuja, tairi linasukuma. Kisha kuna pumziko refu, na katika pumziko hilo tairi linapata nafasi ya kushika tena udongo kabla ya msukumo unaofuata. Mwendeshaji mzoefu anausikia mdundo huo na kuucheza kwa mkono wa kulia. Ndivyo ilivyokuwa jangwani pia. Mbio za kwanza za Paris-Dakar, zilizoanza Desemba 1978, mshindi wake alikuwa Mfaransa Cyril Neveu akiwa juu ya Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja ya cc 500 iliyovuka Sahara kwa pigo moja, pumziko, pigo moja, pumziko.

Ubaya wake ni mtetemo. Pistoni moja inapopanda na kushuka haina mwenzake wa kuipinga, ndiyo maana kioo cha pembeni hutikisika mpaka gari lililo nyuma linaonekana mawili. Watengenezaji huweka kizito cha ndani kinachozunguka kinyume ili kuupunguza, na huupunguza kweli, lakini si wote.

Wenyeji wa Zanzibar watanidai niitaje Vespa, nami naitaja kwa mapenzi. Ilizaliwa Italia mwaka 1946 na kwa miongo mingi ilikuwa na injini ya mapigo mawili: silinda moja, lakini inayolipuka kila mzunguko, si kila mizunguko miwili. Ule mlio wake wa haraka kama wa cherehani, pamoja na moshi wa oili iliyochanganywa na petroli, unatokana na nafasi hiyo iliyokatwa nusu.

Hapa niseme neno kwa vijana, na nalisema kwa uchungu. Kuna kijana anayetoboa ekzosi ili pikipiki yake ya cc 150 ilie kama pikipiki kubwa. Mwanangu, mlio wa pikipiki kubwa hautoki kwenye bomba, unatoka kwenye krenki. Bomba linaweza kuongeza kelele au kuipunguza. Haliwezi kubadilisha nyuzi 720 zikawa 270. Ukilitoboa umepata mlipuko uleule wenye nafasi ileile, isipokuwa sasa unamwamsha mgonjwa na mtoto mchanga saa saba za usiku.

Sasa tuongeze silinda ya pili. Mara tu ukiwa nazo mbili, lazima uamue zikae wapi na zilipuke lini, na hapo ndipo watu walipoachana njia.

Waingereza walizipanga bega kwa bega. Mwaka 1937 Edward Turner wa Triumph alitoa Speed Twin ya cc 500, na pikipiki za Uingereza zikafuata nyayo hizo kwa miaka 30. Pistoni zote mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja, moja ikilipuka katika mzunguko huu na nyingine katika unaofuata. Nafasi ikawa nyuzi 360, sawasawa kabisa. Mlio ulikuwa mtamu na injini ilibaki nyembamba karibu kama ya silinda moja. Lakini kwa kuwa pistoni zilikwenda pamoja, mtetemo ulibaki wa silinda moja, na wenye pikipiki hizo walizoea kutembea na spana za kukazia boliti.

Wamarekani walizipanga kama herufi V. Harley-Davidson walitoa V yao ya kwanza mwaka 1909, na pembe ya nyuzi 45 wameishika mpaka leo katika injini zao kubwa. Pembe hiyo nyembamba ilifaa kuingia kwenye fremu za wakati ule, ambazo bado zilifanana na za baiskeli. Pistoni zote mbili zimefungwa kwenye pini moja ya krenki. Matokeo yake ni kwamba baada ya mlipuko mmoja, wa pili unakuja nyuzi 315 baadaye, kisha unaofuata unachelewa hadi nyuzi 405. Fupi, ndefu, fupi, ndefu. Injini inachechemea. Ikisimama kwenye taa inasikika kama mzee mwenye mkongojo anayepanda ngazi za mbao bila haraka yoyote.

Mchechemeo huo ndio wanaoupenda. Mwaka 1994 Harley-Davidson waliomba serikali ya Marekani isajili mlio huo kuwa alama yao ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ombi likaondolewa. Kisha mwaka 2016 walipotoa injini mpya waliyoiita Milwaukee-Eight, waliweka ndani yake kizito cha kusawazisha, na wakatangaza kwamba kinafuta asilimia 75 ya mtetemo mkuu injini inapokuwa imesimama ikinguruma. Wangeweza kufuta zaidi. Robo moja waliiacha kwa makusudi, kwa kuwa mnunuzi angedhani amenyang'anywa kitu chake. Vijana wa ufundi, likumbukeni hilo. Mhandisi anapewa kasoro aitibu, naye anatakiwa ajue ni kiasi gani cha kasoro hiyo kimeshageuka kuwa roho ya chombo.

Tatizo jingine la V ni joto. Silinda ya nyuma imejificha nyuma ya mwenzake, hewa inaifikia ikiwa imeshapashwa moto, na paja la mwendeshaji linaungua foleni ikisimama. Na hapa ndipo Boxer ya yule Mjerumani inapoingia.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, BMW walikatazwa kutengeneza injini za ndege. Wakageukia injini ndogo ya silinda mbili zinazopeana mgongo, ambayo kampuni nyingine ziliifunga kwenye pikipiki zao kwa urefu: silinda moja mbele, nyingine nyuma. Ile ya nyuma ikawa inachemka. Mwaka 1923 mhandisi wao Max Friz akaigeuza injini ikae upande kwa upande. Silinda zote mbili zikatoka nje kwenye upepo, kushoto na kulia, na krenki ikalala kuelekea nyuma, hivyo ikawa rahisi kupeleka nguvu kwenye tairi kwa shafti badala ya cheni. Pikipiki hiyo iliitwa R32. Ilikuwa na cc 494 na nguvu ya farasi 8.5, na mpango wake ndio huohuo nilioukuta Segera ukiwa na vumbi la Afrika.

Naipenda Boxer hiyo kwa moyo wote, na nitawaambia sababu ya kifundi. Pistoni zake zinatoka pamoja na kurudi pamoja, kila moja ikifuta nguvu ya mwenzake, kwa hiyo mtetemo ni mdogo bila kuongeza kizito chochote. Unabaki mtikisiko kidogo kwa sababu silinda hazitazamani sawasawa. Uzito wote umekaa chini. Milipuko ni ya nyuzi 360, imetulia. Na fundi akitaka kurekebisha valvu anakaa kwenye kigoda kando ya barabara, anafungua mfuniko, kichwa cha silinda kimemwangalia usoni. Hakuna tangi la kuvua wala fremu ya kuhangaika nayo. Ukipiga resi ukiwa umesimama, pikipiki nzima inainama kidogo upande mmoja kwa sababu krenki imelala kwa urefu. Wageni hushtuka. Waliozoea wanasema inawaamkia. Ubaya wake ni upana: ikianguka, silinda ndiyo inayopiga ardhi kwanza, ingawa mara nyingi hiyohiyo ndiyo inayoinusuru miguu.

Waitaliano hawakukubali kuiacha V, ila waliipanua. Fabio Taglioni wa Ducati aliifungua hadi nyuzi 90, pembe ambayo kizito cha krenki kinaweza kuzifutia pistoni zote mbili mtetemo wao mkubwa. Silinda ya mbele akailaza karibu sambamba na ardhi, upepo ukafika kote. Ducati 750 GT ilianza mwaka 1971, na Aprili 1972 Paul Smart akashinda mbio za maili 200 za Imola akiendesha ndugu wa pikipiki hiyo. Waitaliano wenzao wa Moto Guzzi walikuwa wameshaigeuza upande V ya nyuzi 90, vichwa viwili vikachomoza karibu na magoti, katika V7 ya mwaka 1967. Kwa injini hizi zote nafasi ni nyuzi 270 kisha 450. Zishikeni namba hizo mbili, maana zinarudi sasa hivi.

V ni ghali. Ina vichwa viwili vilivyoachana na kemu zake kila upande, na katika Ducati inarefusha pikipiki. Wahandisi wa Yamaha wakajiuliza: watu wanapenda V yenyewe, au wanapenda 270 na 450? Mwaka 1995 wakatoa TRX850. Silinda zake zilisimama bega kwa bega kama za Mwingereza, lakini pini za krenki zilipishana nyuzi 270 badala ya kwenda pamoja. Ilikuwa sauti ya V bila V. Na kulikuwa na faida ambayo sikio haliisikii. Pistoni ikifika juu kabisa au chini kabisa, husimama kwa nukta moja. Katika krenki hii, moja inaposimama nyingine iko katikati ya safari, karibu na kasi yake ya juu. Injini haipitii ile nukta ambayo kila kitu ndani yake kimesimama kwa pamoja. Leo mpango huo umeenea kila mahali. Africa Twin ya Honda, ambayo ilizaliwa mwaka 1988 na V ya nyuzi 52, ilirudi sokoni mwaka 2016 ikiwa na silinda mbili bega kwa bega na krenki ya 270. Triumph wenyewe, wazee wa 360, wamehamia huko katika Bonneville zao.

Silinda nne nilizichelewesha makusudi. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilileta silinda nne zilizopangwa mstari mmoja kwa mtu wa kawaida: cc 736, bomba nne za moshi, breki ya diski mbele. Nafasi ni nyuzi 180. Futi yetu ya mwanzo imegawanywa mara nne, kila mlipuko unasukuma sentimita nane tu. Ukifika mizunguko 10,000 kwa dakika kuna milipuko 333 kila sekunde, na sikio haliwezi tena kuihesabu. Linasikia sauti moja inayoimba na kupanda. Wapendao silinda nne wanapenda kupanda huko. Ndiyo maana wanasubiri barabara iwe wazi. Mtetemo mkubwa umekwisha, umebaki mdogo wa haraka, kama nyuki ndani ya usukani, na ukiendesha saa tatu mfululizo vidole vinakufa ganzi.

Lakini nne za kawaida zina siri mbaya: pistoni zote nne husimama kwa wakati mmoja, mbili juu na mbili chini, mara mbili katika kila mzunguko. Krenki inavutwa na kuachiwa, na mkono wa mwendeshaji unapokea fujo hiyo pamoja na ujumbe wa tairi. Mhandisi Masao Furusawa wa Yamaha aliamua kuiondoa. Alizipanga pini za krenki kama msalaba, kila moja nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake. Milipuko ikaja kwa 270, 180, 90, 180. Yamaha hawakuwa wametwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki wa daraja la juu tangu 1992. Mwendeshaji Valentino Rossi alihamia kwao akitoka Honda, akapewa pikipiki yenye krenki hiyo, na mbio yake ya kwanza ilikuwa hapa barani kwetu, Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Alishinda mbele ya Max Biaggi, akasimamisha pikipiki pembeni, akaketi chini kando yake. Mwaka huohuo akatwaa ubingwa, na mwaka 2009 krenki hiyo ikaingia kwenye R1 inayouzwa dukani. Ukisikia R1 ya leo inapita, haiimbi kama nne nyingine. Inanguruma kwa vipande, na sasa mnajua vipande hivyo vina nyuzi ngapi.

Silinda tatu, yenye nafasi ya nyuzi 240, nitaigusa tu. Wanaoijua wanasema ina mvuto wa mbili chini na pumzi ya nne juu, na nimeiendesha mara moja nikawaelewa. Sita ipo pia: Honda CBX ya mwaka 1978 ilizipanga mstari mmoja, na Gold Wing tangu 1988 inazilaza tatu kila upande. Nafasi ni nyuzi 120, ulaini wa maji ndani ya mtungi. Wapo wanaovuka bara zima la Marekani juu yake na hawataki kingine. Mimi nikiikalia nakosa kitu. Mkono wangu unautafuta ule mlipuko mmoja mmoja na hauuoni.

Nimesema vya kutosha, na jambo hili ni la masikio. Nje, chini ya mwarobaini, kuna pikipiki tatu. Ya kwanza ni Boxer ya cc 150, ya kijana wa kijiwe cha hapa getini. Ya pili ni BMW ya zamani, ile Boxer nyingine, rafiki yangu amekubali kutuazima. Ya tatu ni Yamaha ya silinda mbili yenye krenki ya 270. Mtazipa mgongo, mtazame ukuta, nami nitaziwasha moja baada ya nyingine bila kusema ipi ni ipi. Msitafute kelele, sikilizeni nafasi. Halafu kila mmoja aniandikie namba alizosikia. Na yeyote aliyekuja na ekzosi iliyotobolewa, tafadhali asiwashe ya kwake mpaka tumalize.